Tamthilia yetu inavuja kila wiki: je, DRM itazuia?

Swali

Mtaalamu, shikamoo. Nina kampuni ndogo ya kutengeneza tamthilia hapa Mwanza. Kila kipindi tunakiuza shilingi 1,000 kupitia tovuti yetu. Mteja analipa kwa simu, video inafunguka. Kikitoka Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi kiko Telegram, na ikifika Jumatatu vibanda vya mjini vinawarushia watu kwenye flashi. Fundi aliyetutengenezea tovuti anasema tununue DRM (kufuli la kidijitali la video) na tatizo litakwisha, ila bei aliyotaja ni kubwa kwetu. Je, DRM inazuia kweli? Na kama haizuii, tufanye nini?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Pole sana. Kuona jasho la waigizaji na mafundi wako likigawiwa bure kabla hata gharama za mafuta ya jenereta hazijarudi kunaumiza, na swali lako linastahili jibu kamili.

DRM inazuia aina moja ya wizi, ule mwepesi kuliko wote: mtu kuchukua faili lenyewe kutoka kwenye seva yako na kuligawa likiwa safi. Haimzuii mtu kuelekeza kamera kwenye televisheni. Haimzuii mhariri kutoka ofisini na diski ya kuhifadhia faili mfukoni. Na kwenye simu nyingi za bei nafuu, ambazo naamini ndizo zilizojaa mikononi mwa wateja wako, nguvu yake ya kuzuia hata kurekodi skrini ni ndogo. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi hata shilingi, jua kwanza kipindi chako kinatokea mlango upi.

Kulijua si kazi ya kukisia. Nakala iliyoibwa inajieleza yenyewe ukiisoma vizuri. Ishushe kutoka Telegram, ila itafute ile iliyotumwa kama faili, kwa sababu video iliyotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa upya na WhatsApp hubana zaidi, na ushahidi mwingi hupotelea hapo. Ifungue kwa MediaInfo, programu ya bure inayoonyesha upana na urefu wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde, kiwango cha biti, na mara nyingi hata programu iliyolitengeneza faili. Weka pembeni faili mliyopandisha nyinyi, ulinganishe mstari kwa mstari.

Namba zikifanana kabisa, hakuna aliyerekodi chochote: mtu amelishusha faili lenu kama lilivyo. Tovuti nyingi ndogo zina tundu hilihili. Video imewekwa kama MP4 ya kawaida, anwani yake imeandikwa ndani ya ukurasa, na yeyote aliyelipa mara moja anaweza kuinakili anwani hiyo au kutumia kiongezi cha kivinjari kuishusha. Wakati mwingine hahitaji hata kulipa, maana anwani ya kipindi cha 7 inatofautiana na ya kipindi cha 6 kwa tarakimu moja tu.

Fremu kwa sekunde zikiwa hazitulii, mara zinapanda mara zinashuka, na umbo la picha likiwa lile refu la skrini ya simu, basi kimerekodiwa kwenye skrini. Tazama kingo za juu: mstari wa betri, alama ya ujumbe unaoingia, saa. Kwenye kompyuta utaona kishale cha kipanya kikipita. Picha ikiwa imepinda kidogo na sauti ina mwangwi wa chumba, hiyo ni kamera.

Halafu kuna ile inayouma zaidi. Nakala ya Telegram ni bora kuliko mnayouza. Tovuti yenu inatoa 720p, ya Telegram ni 1080p. Au haina nembo mliyoongeza siku ya mwisho. Au muziki wa eneo fulani ni ule mlioubadilisha baadaye. Hiyo haikutoka kwa mteja. Imetoka chumba cha uhariri, au kwa mtu aliyepewa kazi ya kuandika manukuu, au kwa mdhamini aliyetumiwa linki ya Google Drive ili aone mapema, naye akaipeleka kwa shemeji yake. Hakuna DRM yoyote duniani itakayoizuia. Dawa yake ni kupunguza watu wanaogusa faili la mwisho, kumpa kila mmoja nakala yenye jina lake limeandikwa katikati ya picha, na kutozungusha nakala safi kwa flashi hata siku moja. Nimelitilia mkazo jambo hili kwa sababu watayarishaji wengi hawapendi kulisikia. Ni rahisi kumshuku mteja asiyejulikana kuliko kijana mliyekula naye sahani moja.

Tuseme umekagua, ukaona faili linatoka kwenye tovuti. Hapo DRM inakuhusu, na ni vema uelewe unachonunua.

Video yako inasimbwa kwa ufunguo, kwa kawaida wa biti 128 wa mbinu ya usimbaji iitwayo AES, kabla haijapandishwa kwenye seva. Mtu akiishusha ikiwa hivyo anapata faili lisilochezeka. Mteja akibonyeza kitufe cha kucheza, kifaa chake kinatuma ombi kwenye seva ya leseni. Seva inaiuliza tovuti yako: huyu amelipa? Ikiambiwa ndiyo, inatoa leseni yenye ufunguo, na leseni hiyo nayo imesimbwa kwa namna ambayo kifaa hicho peke yake ndicho kinaweza kuifungua. Ufunguo haupiti mikononi mwa mteja wala hauonekani ndani ya ukurasa. Unakaa kwenye sehemu iliyofungwa ya kivinjari au ya simu yenyewe.

Mifumo inayotawala ni mitatu: Widevine ya Google, inayotumika kwenye Android na Chrome, FairPlay ya Apple, kwa iPhone na Safari, na PlayReady ya Microsoft, kwa Windows na televisheni nyingi. Huhitaji kusimba video mara tatu. Kuna kiwango cha kimataifa kiitwacho CENC kinachoruhusu faili moja lifunguliwe na mifumo yote, na ukitumia aina yake iitwayo cbcs, simu za Apple na za Android za miaka ya karibuni zitasoma faili hilohilo. Fundi akikutajia gharama ya kutunza video mara tatu, muulize sababu.

Hapa nikupe tahadhari moja nzito. Baadhi ya mafundi huuza kitu kiitwacho HLS yenye AES-128, yaani video inayorushwa kwa vipande vidogo vilivyosimbwa, wakisema ni DRM. Video kweli imesimbwa, lakini ufunguo unatolewa kwa anwani ya kawaida ambayo mtu yeyote aliyeingia kwenye akaunti anaweza kuufikia. Ni sawa na kufunga mlango ukaacha ufunguo ukining'inia kitasani. Kinasaidia kidogo dhidi ya asiyejua lolote, lakini usikilipie bei ya DRM. Mwambie akutajie kwa jina ni Widevine, FairPlay au PlayReady, na leseni zinatoka seva ya nani.

Sasa tuje kwenye simu za wateja wako, maana ahadi ya fundi inakwama hapo. Widevine ina viwango. Kile cha juu, L1, kinafungua video ndani ya sehemu ya chipu iliyotengwa na mfumo wa kawaida wa simu, na picha hupita humohumo mpaka kwenye kioo. Mtu akirekodi skrini anapata weusi. Kile cha chini, L3, kinafanya kila kitu kwa programu tu, bila msaada wa chipu. Simu nyingi za bei ndogo ni L3. Chrome kwenye kompyuta ya kawaida nayo kwa desturi ni L3. Na L3 imeshavunjwa hadharani: Januari 2019 mtafiti David Buchanan alitangaza kwamba ameivunja, na mwaka 2020 mtu mwingine akaonyesha kiongezi cha Chrome kinachochota funguo. Google huziba, wengine hutafuta upenyo mwingine. Kufuli za video zimekuwa hivyo tangu zamani. Ile ya DVD ilivunjwa mwaka 1999, na kila laibrari ya muvi iliyofuata ikanufaika.

Utasema basi tuwakatae wenye L3. Usifanye hivyo! Utakuwa umewafukuza wanaolipa ili kumkomesha mmoja anayeiba, na huyo mmoja atanunua simu ya L1 au ataazima kamera. Kampuni kubwa zenyewe hazifanyi hivyo. Netflix, kwa mfano, kwenye simu ya Android isiyo na L1 inamwonyesha mteja ubora wa kawaida tu, si HD. Nawe fanya vivyo hivyo: mwenye L1 apate 1080p, mwenye L3 apate 480p. Kila ubora uwe na ufunguo wake, ili ule wa L3 ukiibwa, kinachovuja kiwe picha ya chini na toleo zuri libaki kwako.

Kwa mteja wa simu ndogo hilo wala si adhabu. Video ya 480p ikibanwa kwa megabiti 1 kwa sekunde hula kama MB 450 kwa saa. Ya 1080p kwa megabiti 5 hula GB 2.25. Mtu anayenunua bando la siku anaijua tofauti hiyo kuliko mimi na wewe.

Na bando linatupeleka kwenye jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi kabisa. Jiulize kwa nini mtu anakwenda kibandani kurushiwa kwenye flashi wakati kipindi chako ni shilingi 1,000 tu. Wengine ni ubahili, sawa. Lakini wengi wanatafuta kitu ambacho tovuti yako haiwapi: kukiweka kipindi ndani ya simu, wakitazame basini au kijijini ambako mtandao unakatika, bila kuchoma bando mara mbili. DRM inaweza kutoa hilo. Inaitwa leseni ya kudumu, kwa maana ya leseni inayobaki ndani ya simu hata bila mtandao: mteja anashusha kipindi akiwa kwenye WiFi ya kazini, faili linabaki limesimbwa ndani ya simu, na leseni unaipangia muda, tuseme siku 30 za kuanza kutazama na saa 48 baada ya kuanza. Akimrushia jirani faili hilo, jirani hapati kitu. Kwa kawaida utahitaji programu ya simu, maana vivinjari vingi havihifadhi leseni za namna hii. Kama ningekuwa na fedha za kufanya jambo moja tu katika DRM kwa watazamaji wa kwetu, ningezitumia hapa. Humpa mteja kilekile ambacho kibanda kinampa, kwa njia ya halali.

Turudi kwa anayerekodi. Kwa huyo, kinga ya kweli ni kujulikana, na njia yake ni kuweka alama ya mteja ndani ya picha.

Utakumbuka mwaka 2013 kulipokuja stempu za TRA, Mamlaka ya Mapato, kwenye kanda na diski za muziki na filamu. Stempu ilikaa kwenye kasha. Picha ikishahamia kwenye flashi, stempu inabaki nyuma. Alama ninayoisema haiachani na picha.

Aina ya kwanza inaonekana kwa macho: tarakimu nne za mwisho za simu ya mteja pamoja na namba ya malipo, kwa maandishi hafifu yanayohama mahali kila baada ya muda. Ni rahisi kutengeneza na programu nyingi za kuchezea video zinaiweza. Udhaifu wake ni kwamba ikiwekwa na kivinjari juu ya picha, mjuzi anaiondoa. Na ikikaa sehemu moja, mtu anaikata au anaifunika kwa nembo ya chaneli yake. Lakini wengi wanaovujisha si wajuzi. Ni vijana wanaorekodi wakapandisha, na wakiona namba yao inatembea juu ya uso wa mhusika mkuu, mikono inakuwa mizito. Usiweke namba nzima ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, na si vizuri namba ya mteja wako isambae nchi nzima hata kama ni mkosaji. Waambie wateja katika masharti ya ununuzi kwamba alama hiyo ipo na ni ya nini.

Aina ya pili haionekani. Kila kipande cha video, tuseme cha sekunde 6, kinatengenezwa kwa matoleo mawili yenye tofauti ambayo jicho halioni. Kila mteja anapewa mfuatano wake: la kwanza, la pili, la pili, la kwanza, na kuendelea. Vipande 20, yaani dakika 2 tu za video, vinatosha kutoa mifuatano zaidi ya milioni moja isiyofanana. Kwa vitendo mfuatano unarudiwarudiwa katika kipindi chote ili ubane hata pale nakala imekatwakatwa. Ukipata nakala Telegram, unaisoma na unajua akaunti iliyotoa. Hata aliyerekodi kwa kamera huweza kunaswa. Bei yake bado ni ya wakubwa, na video yako inachukua takriban nafasi maradufu kwenye seva. Kwa ukubwa wa kampuni yako, anza na ile inayoonekana.

Na ukishampata, usimwanike Facebook. Akaunti huazimwa, simu huibiwa, mtoto wa dada hutumia simu ya mjomba. Ifunge akaunti, mpigie, msikilize. Ikiwa ni mtu anayefanya biashara ya kuvujisha, peleka jalada kwa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, na polisi ukiwa na kumbukumbu za malipo, nakala ya MediaInfo na picha za chaneli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu siku ulipoitengeneza kazi, lakini cheti cha usajili wa COSOTA kinarahisisha sana kuthibitisha kwamba kazi ni yako. Sajili msimu mzima kabla ya kipindi cha kwanza kutoka.

Kuondoa nakala mitandaoni kunafanyika, ila inataka mtu wa kuifanya kila Jumamosi asubuhi bila kuchoka. Telegram hupokea malalamiko ya hakimiliki kwa chaneli na boti za wazi. Kwa makundi ya faragha usitegemee msaada wake. YouTube ina Content ID tangu 2007, ambayo hutambua video yenyewe, lakini hupewa wenye kazi nyingi. Wewe utatumia fomu ya kawaida ya kuomba video iondolewe. Ikiwa tovuti inayokuibia inahifadhiwa Kenya, marekebisho ya sheria yao ya hakimiliki ya 2019 yameweka utaratibu wa kumwandikia mtoa huduma ya mtandao na kumpa muda wa saa 48 za kazi kuchukua hatua. Saa za kwanza ndizo zenye fedha. Angalia mauzo yako ya nyuma: bila shaka sehemu kubwa ya wanunuzi hulipa mwishoni mwa wiki kipindi kinapotoka. Ukifaulu kuchelewesha nakala ya bure hadi Jumatatu, umeokoa mapato mengi hata kama mwisho wa yote imevuja.

Kwa hiyo kwa msimu huu, kama fedha ni chache, ningefuata mpangilio huu. Wiki hii, bila gharama kubwa, fundi aondoe MP4 zilizo wazi na aweke anwani zenye saini (msimbo wa siri unaothibitishwa na seva) zinazokufa baada ya saa chache, akaunti moja icheze kwenye vifaa viwili kwa wakati mmoja basi, na alama ya mteja itembee juu ya picha. Wakati huohuo wewe safisha chumba cha uhariri. Pima vipindi vitatu au vinne. Ikiwa nakala za Telegram bado ni faili safi la kwenu, nunua Widevine na FairPlay kutoka kwa kampuni inayotoa zote kwa mkataba mmoja. Usijaribu kujenga seva ya leseni mwenyewe. Ikiwa zimegeuka kuwa za kurekodi skrini, DRM itakusaidia kwa wenye simu za L1 na iPhone tu, na fedha hiyo itazaa zaidi kwenye programu ya simu yenye kushusha kwa leseni.

Fundi akirudi na bei, muulize haya: leseni moja inatozwa kiasi gani, na mteja akifungua kipindi mara tatu ni leseni moja au tatu? L3 itapewa ubora gani? FairPlay inahitaji kibali cha Apple na akaunti ya mtengenezaji programu ya dola 99 kwa mwaka: imo ndani ya bei au nje, na itaandikishwa kwa jina la kampuni yako au lake? Ikiwa ni kwa jina lake, kataa. Siku mkigombana ataondoka na funguo za kazi zako zote.

Trela na kipindi cha kwanza viache bila kufuli kabisa. Hivyo waache wavirushe kadiri wanavyotaka, vikiwa na anwani ya tovuti yako na namba ya kulipia imeandikwa wazi chini ya picha tangu dakika ya kwanza.